Trela, Watoto na Mbwa Ziwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu wa Mombasa

Kila likizo za shule za Agosti na Desemba zikikaribia, simu yangu haipumui. Jirani, shemeji, rafiki wa shemeji: wote wanauliza yale yale. Trela inavutwaje mpaka ziwani? Mbwa aachwe na nani? Bibi atalala wapi? Nimeyakusanya hapa, ya kawaida kwanza, ya nadra mwishoni. Jambo likishajibiwa mahali, nakuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Kabla hujatoka nyumbani

Mombasa ni bahari tupu. Ziwa la kupiga kambi liko wapi?

La karibu liko Taveta. Mombasa hadi Voi ni kilomita 150 na ushei, kisha unakata kushoto kupitia Mwatate, kilomita nyingine 110 hivi za lami. Huko kuna maziwa mawili yasiyofanana hata kidogo. Chala limo ndani ya shimo la volkano kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro. Maji yake ni ya buluu iliyoiva, na kingo zimesimama kama ukuta wa ngome. Jipe ni bapa, kina kifupi, limejaa mafunjo na viboko, na ng'ambo unaitazama milima ya Upare.

La tatu ni Naivasha, kama kilomita 570 kutoka kwetu. Kambi ziko nyingi kando ya barabara ya kusini mwa ziwa, na huduma zipo: vyoo, maji ya kuoga, umeme, vivuli vya migunga. Taveta huduma ni chache, unabeba karibu kila kitu mwenyewe.

Kwa safari ya kwanza mimi nasema Taveta, pamoja na shida zake zote. Kosa lolote utakalogundua, na utaligundua, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Nianze kupanga wapi? Orodha ni ndefu.

Anza na mbwa atalala wapi usiku. Watu huanza na menyu na magodoro, halafu saa moja jioni, giza limeingia, wamemshika mbwa kwa kamba wanaulizana. Ukishajua mbwa atalala wapi, utajua kambi gani inakufaa, trela ya ukubwa gani, nani atalala hemani, na ziwa gani la kuliacha. Karibu majibu yote yaliyo hapa chini yanarudi kwenye hilo.

Mbwa anaruhusiwa kwenye hifadhi?

Hapana. Hifadhi za taifa zilizo chini ya KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya, hazikubali mbwa wala paka, hata akiwa amefungiwa garini. Kwa hiyo upande wa Jipe ulio ndani ya Tsavo Magharibi haukuhusu, na ukiwa Naivasha basi hifadhi ya Hell's Gate muiendee kwa zamu, mmoja akibaki na mbwa.

Upande wa Jipe wenye vijiji vya wavuvi uko nje ya hifadhi, ila mpaka hauna ukuta. Mbwa akimkimbiza swala dakika mbili tu, tayari yumo ndani, na wewe uko nje unapiga mbinja.

Barabara kuu ya Nairobi inapita katikati ya Tsavo mbili, lakini ni njia ya umma, mbwa apite tu. Usimteremshe kichakani kati ya Voi na Mtito Andei. Subiri kituo cha mafuta.

Lazima niwe na karavani kubwa?

Wala. Wengi tunaanza na trela ndogo ya mizigo iliyofungwa hema juu yake, au sanduku la chuma lenye kitanda ndani na jiko nyuma. Kwa barabara zetu na matuta yetu, trela fupi nyepesi inakupa amani kuliko jumba la magurudumu manne. Angalia kitabu cha gari lako kinasema linaweza kuvuta kilo ngapi, kisha uipime trela ikiwa imejaa. Mtungi mmoja wa lita 20 za maji ni kilo 20, na familia ya watu sita na mbwa wawili haibebi mtungi mmoja.

Trela inasajiliwa kivyake na ina namba yake inayoanza na Z. Taa za breki na za kukata kona ziwake. Mwenye bima wako umwambie kwamba unavuta trela, tena umwambie kabla.

Msimu gani mzuri?

Julai hadi Septemba, na Januari hadi Februari. Masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi wa Taveta huwa gundi. Vuli inaweza kukuotea Novemba. Desemba watu wengi huenda kwa sababu ya likizo, mimi pia nimekwenda, ila soma kwanza swali la trela kukwama.

## Barabarani

Tuondoke saa ngapi?

Saa kumi alfajiri. Ukichelewa mpaka saa moja asubuhi, malori ya bandarini yatakukamata Changamwe na kukushikilia mpaka Mariakani. Ukitoka mapema, wanaoswali wanapata alfajiri Mazeras au Mariakani, na chai mnainywa Mackinnon Road, pale kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, yule nyapara wa Kipunjabi wa enzi za kujengwa reli. Madereva wengi husimama kuomba dua. Mbwa wabaki garini au upande wa pili wa barabara, kwa heshima ya mahali. Mahamri na mbaazi yatoke nyumbani yakiwa tayari, hakuna haja ya kupika njiani.

Wa Likoni na Diani, piteni Dongo Kundu. Trela kwenye feri, na watu wanavyosukumana pale, ni adhabu mtu anayojipa mwenyewe.

Mzigo nipange vipi?

Vizito chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo: maji, betri, mtungi wa gesi, gunia la chakula cha mbwa. Vyepesi nyuma na juu. Kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela iwe imekaa kwenye ndoano ya gari. Ikizidi, gari linainua pua. Ikipungua, trela inaanza kutikisa mkia.

Minyororo ya usalama ipishane chini ya ndoano kama mikono iliyokunjwa, ili trela ikichomoka iangukie hapo badala ya lami. Spea ya trela uwe nayo mbali na ya gari. Mara nyingi tairi hazilingani, na watu hugundua hilo Samburu, jua la utosi.

Trela ikianza kuyumba nifanye nini?

Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kuirekebisha kwa kukata kushoto na kulia. Acha mwendo ushuke wenyewe. Kama trela ina breki zake unazoziongoza kwa mkono, ziguse hizo peke yake. Ikitulia, simama mahali salama usogeze mzigo mbele. Kuyumba husababishwa na mwendo, mzigo wa nyuma, au upepo wa lori linalokupita. La lori huna la kufanya, hayo mawili yako mikononi mwako.

Trela yangu imekaa uani muda mrefu. Iko tayari?

Haiko. Hewa ya chumvi inakula chuma hata kilicholala.

Trela yangu iliwahi kukaa miezi saba Shanzu, karibu na bahari. Kabla ya safari nilimlipa fundi atie grisi kwenye beringi. Alitia, au alisema ametia. Tunakaribia Maungu, binti yangu akasema: "Baba, kuna harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati." Nikateremka, nikadondosha maji ya chupa kwenye kitovu cha gurudumu la kushoto. Yalichemka papo hapo. Kufungua, beringi nyekundu kwa kutu, grisi kidogo imepakwa nje tu kama mafuta ya nywele. Tulikaa saa nne tukisubiri nyingine iletwe na matatu kutoka Voi. Mbwa walilala chini ya trela, ndio pekee walioiona safari nzuri.

Tangu siku hiyo nasimama mbele ya fundi beringi zikifunguliwa, nabeba seti ya akiba na kopo la grisi, na kila kituo nagusa vitovu kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Kama mkono haukai, hatuendi.

Mbwa asafiri wapi, garini au ndani ya trela?

Garini, siku zote. Ndani ya trela inayotembea hakuna hewa, hakuna anayemwona, na vitu vinaanguka. Binadamu pia hapandi humo, hata yule mjomba anayesema atalala kidogo tu.

Mbwa awe kwenye tundu lililofungwa imara au amefungwa mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Mpe chakula kidogo usiku uliotangulia na maji kidogo kidogo njiani. Kila saa mbili simama. Usimwache kwenye gari lililofungwa hata kama ni kununua maji tu: kwa joto la Taru, dakika kumi zinatosha kumwangusha. Ukimwona anahema mfululizo, mate mazito, ufizi mwekundu, anapepesuka, mtie kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, kisha umtafute daktari wa mifugo.

## Kambini

Niegeshe wapi?

Mahali palipoinuka, mbali na maji, na mbali na njia za viboko. Njia ya kiboko utaijua: mifereji miwili sambamba yenye kituta cha nyasi katikati, kwa sababu miguu yake ya kushoto na kulia imeachana, na kinyesi kimetawanywa vichakani kama mtu aliyekirusha kwa koleo. Ukiiona hiyo, hata kama mandhari ya mahali hapo yanavutia vipi, sogea.

Usitegemee ulivyopajua zamani. Naivasha maji yalipanda sana mwaka 2020, sehemu watu walipokuwa wakisimika mahema zikawa ziwa. Piga simu uulize maji yako umbali gani leo, na kama kuna waya wa umeme unaowashwa usiku kati ya kambi na ziwa. Uliza pia kama mbwa wanakubaliwa, wangapi, na kama kuna mbwa wa kambi wanaoachiwa usiku.

Nani alale trelani, nani alale hemani?

Bibi na watoto wadogo trelani. Kitanda cha Bibi kiwe cha chini, ngazi iwe na mahali pa kushika, na ndoo ya usiku iwepo ndani ili asitoke gizani. Hili la ndoo watu huona haya kulisema. Sema tu. Wazima wenye miguu mizuri walale hemani, hema likiwa limebanana na trela, kwa upande usioelekea ziwa.

Na mbwa?

Ndani ya kitu kinachofungwa. Kwa wengi ni gari lenyewe, madirisha yakiwa wazi kiasi na wavu umetiwa, maana usiku joto limeshuka. Au tundu la chuma lililosukumwa chini ya turubai la trela, limefunikwa pande tatu. Kumfunga mbwa kwa mnyororo nje usiku kucha, ziwani, ni kumtengea chui au fisi chakula. Kumwachia huru ni mbaya zaidi, na sababu iko kwenye swali linalofuata.

Kiboko akija kambini?

Mchana kutwa kiboko yuko majini. Magharibi anatoka kula nyasi, anazunguka usiku kucha, na kabla ya jua kuchomoza anarudi kwa njia ile ile. Hatari kubwa ni kuwa kati yake na maji. Mbwa aliyeachiwa huru atamwendea akimbwekea, kiboko atamgeukia, na mbwa akitishika atakimbilia kwa mtu anayempenda. Yaani wewe.

Naivasha, usiku wetu wa pili, mbwa wetu Bosco alikuwa akibweka tangu magharibi. Ghafla akanyamaza, akajikunyata kwenye kona ya tundu. Mbwa anayebweka bado ana ujasiri. Akinyamaza ghafla, sikiliza. Tukasikia nyasi zikikatwa, krrap, krrap, kama mtu anayechana doti ya leso. Kiboko alikuwa hatua kama kumi na tano, mgongo unang'aa kwa mwanga wa taa ya choo, anakula bila habari na sisi. Tulikaa kimya trelani karibu saa nzima. Hakuna aliyepiga picha, na mwanangu wa kiume, bingwa wa kutosikia anapoitwa, alinong'ona mwenyewe kwamba haja yake inaweza kungoja.

Kanuni yetu kwa hiyo: adhana ya magharibi ikifika, mbwa ndani, ndoo zijazwe, kila mtu upande wetu wa trela. Asubuhi hakuna kwenda ufukweni kabla jua halijapanda vizuri.

Watoto na mbwa wanaweza kuogelea?

Hapana, na najua mmezoea Nyali na Bamburi. Chala lina mamba: mwaka 2002 msichana Mwingereza aliuawa humo alipokuwa akiogelea. Jipe lina mamba na viboko. Naivasha ni viboko. Mbwa anayekunywa maji ukingoni, kichwa chini, ndiye mamba anayemtaka.

Kuna na kichocho. Minyoo yake hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi. Taveta ugonjwa huo unajulikana. Maji ya ziwa ya kuogea yachemshwe, au yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kabla ya kutumika. Mtoto aliyeingia majini kwa bahati mbaya, mkaushe kwa taulo papo hapo, na baada ya wiki kadhaa mpeleke akapimwe. Dawa ipo na inafanya kazi.

Mbwa wanywe maji mliyobeba. Tunaweka beseni pana kivulini, wanajilaza humo. Wanafurahi vile vile.

Sisi ni Waislamu na tuna mbwa wa ulinzi. Tutafanyaje na swala na vyombo?

Swali hili naulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba mtu anakiri jambo. Mbwa wa ulinzi, wa kuchunga na wa kuwinda wana nafasi yao katika dini. Kazi ni kulinda twahara. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa Pwani, mate ya mbwa, na mwili wake ukiwa umelowa, ni najisi nzito: panaoshwa mara saba, moja ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kikavu kwa kikavu hakinajisi.

Kambini tunafanya hivi. Trela ni mahali pa watu, mbwa haingii hata siku moja, mvua au jua. Mbwa wana vyombo vyao, sponji yao, ndoo yao, vyote rangi nyekundu ili mtoto asichanganye. Mikeka ya swala inakaa kwenye mfuko wake ndani ya trela na hutandikwa upande ambao mbwa hawafungwi. Anayewalisha ana jozi ya viatu na kanzu kuukuu ya kazi hiyo. Mbwa akitoka kwenye beseni, watu wakae mbali mpaka ajikung'ute. Likitokea la kutokea, udongo uko tele, ndoo zipo. Mengine muulize shehe wako.

Tupike nini, na mbwa wale nini?

Nazi zikunwe nyumbani, tui ligande kwenye friji, libebwe kama barafu: linapoza nyama njiani na jioni linageuka mchuzi. Jipe utapata perege mbichi kwa wavuvi, Taveta utapata ndizi za kila aina. Biriani ipikwe siku ya kwanza, siku ya pili kila mtu amechoka.

Mbwa wasipewe masalio ya biriani wala pilau. Kitunguu ni sumu kwao, kibichi au cha kukaanga, kinaharibu damu, na biriani bila kitunguu si biriani. Chokoleti na zabibu pia hapana. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti. Wape chakula walichozoea nyumbani, kiasi kile kile. Ziwani si mahali pa kujaribu tumbo la mbwa.

Nyani na tumbili?

Chakula kifungiwe, mlango wa trela usiachwe wazi hata dakika moja. Tumbili ataiba mkate akimbie. Nyani dume ni jambo jingine: ana meno marefu kuliko ya mbwa wako na anaweza kumpasua. Mbwa akianza kuwafukuza, mwite na umfunge. Usimsifu.

Baridi ya Naivasha tutaiweza?

Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Mombasa anayelala na feni mwaka mzima atatetemeka. Beba mablanketi mazito, soksi, kofia za watoto, na kitu cha kumtandikia mbwa mwenye manyoya mafupi.

Ninachoomba mnisikilize ni hiki: jiko la makaa lisiingizwe trelani wala hemani, hata makaa yakiwa yamefifia, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu wala rangi. Mtu anaona usingizi mtamu, basi. Jaza maji moto kwenye chupa ya mpira au ya soda, izungushie leso, iweke miguuni pa Bibi. Inafika asubuhi ikiwa bado vuguvugu.

## Afya

Mbwa anahitaji chanjo gani?

Ya kichaa cha mbwa kwanza, kila mwaka, na cheti ukibebe. Kama ndiyo ya kwanza maishani mwake, achanjwe angalau wiki tatu kabla ya safari. Mtoto wa mbwa chini ya miezi mitatu abaki nyumbani.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, wa kwenu au wa kijijini, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Taveta kuna hospitali, Voi ipo ya rufaa ya kaunti. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakitibiki.

Kupe na mbung'o?

Dawa ya kupe ipakwe au mkanda wake uvaliwe siku chache kabla ya kuondoka. Kila jioni, kabla ya tundu kufungwa, mpapase: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe taratibu. Habari za mafuta ya taa na njiti ya kiberiti achana nazo. Mbwa akilegea, akakataa kula, ufizi ukawa mweupe hata wiki mbili baadaye, mwambie daktari kwamba mlikuwa ziwani.

Mbung'o hufuata buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa rangi hizo. Nguo za khaki, basi, na turubai la buluu libaki Mombasa.

Nyoka?

Mbwa huumwa puani au mguuni, kwa udadisi wake. Mbebe, usimwache atembee, usikate wala kufyonza, kimbia kwa daktari wa mifugo. Kifutu hulala njiani jioni bila kusogea, kwa hiyo tochi kwa kila mtu, hata wa hatua tano.

## Mambo ya nadra

Tukiwa Chala, tunaweza kuvuka upande wa Tanzania na mbwa?

Si kwa mtumbwi, wala kwa njia ya panya. Mpaka rasmi ni Taveta na Holili, na mbwa anahitaji karatasi za mifugo: cheti cha afya, cheti cha chanjo, kibali cha nchi anayoingia. Kwa mapumziko ya siku nne haifai usumbufu.

Mbwa wangu jike ameingia joto. Tumchukue?

Mwacheni. Madume ya kijiji yatazunguka trela usiku kucha, yatapigana, na hujui lipi limechanjwa.

Jirani wa kambi anaogopa mbwa.

Mwendee wewe, kabla hajaja yeye. Mwonyeshe mbwa wamefungwa wapi, mwambie saa zao za kutembezwa, wapelekee watoto wake mahamri. Anayeogopa hana deni la kujieleza kwako. Na kinyesi kiokotwe kila mara: mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo tunatumia koleo dogo na gazeti, tunazika mbali na maji.

Mbwa akipotea?

Mchana, tembeeni wawili wawili mkimwita, na wapeni habari wavuvi na wachungaji, wao huona kila kitu. Giza likiingia msimfuate. Acheni nguo uliyoivaa na bakuli la maji pale alipoonekana mwisho, na mlango wa tundu wazi. Namba ya simu iwe imeandikwa kwenye mkanda wake kwa wino usiofutika. Picha moja safi ya mbwa iwe kwenye simu ya kila mtu mzima.

Trela imekwama kwenye tope.

Usilazimishe, magurudumu yatajichimbia kaburi. Teremsha watu na mzigo. Punguza upepo wa tairi. Fungua trela kutoka kwenye gari, tegeshea mawe, toa gari peke yake mpaka pagumu, kisha ivute kwa kamba ndefu. Beba pampu ya kurudishia upepo. Vijana wa kijiji watakuja kusaidia. Patana bei kabla hawajashika kamba, na mbwa wawe wamefungwa, la sivyo hawatasogea.

Tukirudi Mombasa kuna la ziada?

Osha trela kwa maji baridi chini hadi juu, tia grisi, ifunike. Kagua mbwa upya, maana kupe mdogo hukuponyoka jioni ya mwisho watu wakiwa wanafunga mizigo. Tandiko lao lisiingie stoo siku hiyo. Loweka kwa maji moto sana, lianikwe jua la mchana kutwa, na tundu lisuguliwe kwenye pembe na maungio: kupe jike akidondoka humo hutaga mayai kwa maelfu, na ikifika Ramadhani utawaona wanapanda ukuta wa sebule.